Chale Mgongoni mwa Upinde

Wendell alikuja Jumapili ya pili ya Aprili, nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana nasafisha tupa kwa brashi ya waya. Alizima pikapu, akashuka, akavuta kitu kirefu kutoka nyuma na kukitupa miguuni pangu. Ulikuwa ufito wa mti-upinde, mbichi kabisa, maziwa yake meupe bado yanatoka pale alipoukata, miiba kaipunguza kwa panga. Unene wake ulikuwa sawa na kifundo cha mkono wangu, na urefu ulinizidi kidogo.

"Nitengenezee," akasema.

"Nikutengenezee nini?"

"Upinde, Rena. Kwani humu ndani unatengeneza nini kingine, magita?"

Sikucheka. Miaka kumi na moja Wendell hakuwa amekanyaga upande huu wa uwanja. Alikuwa akija kumwona mama yake, ambaye ni mama yangu mkubwa na ambaye naishi naye hapa nje kidogo ya mji wa Hominy, lakini alipitia mlango wa mbele, akanywa kahawa jikoni, akaondoka bila kuitazama karakana. Nami sikuwahi kumlaumu. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na upinde nilioutengeneza kwa mikono yangu.

"Atauvuta nani?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Kaka."

"Mimi mwenyewe. Tena nitakaa hapa nione kila unachofanya, tangu ganda la kwanza."

Mama mkubwa Maxine alikuwa ameshafika mlango wa nyuma na fremu yake ya kutembelea. Masikio yake ni mazima kuliko magoti yake.

"Nani anavuta nini?"

"Upinde, Mama."

"Una wazimu? Mungu alikupa macho mawili, moja ukalitoboa kwa majivuno yako. Sasa unataka kumrudishia na la pili?"

Wendell alivua kofia, akajifuta jasho. Ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, amefanya kazi kwenye visima vya mafuta tangu ujana. "Mama, mtu akifungua kopo la soda naruka. Barafu ikipasuka kwenye glasi natoka nje. Nina miaka hamsini na sita, na ninaogopa kijiti. Nimechoka."

"Basi endelea kuogopa, lakini ukiwa unaona!"

Wendell alivaa tena kofia yake. Alipindua ndoo, akaikalia, akaniangalia kwa jicho lake moja akinisubiri nianze.

Sasa niseme jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua ila mimi.

Upinde ule wa kwanza niliutengeneza kwa ufito uliokatwa majira ya baridi. Wakati ule ganda hushika mti kama limegandishwa, halitoki ila kwa kukwanguliwa na kisu cha mikono miwili. Nikiwa nakwangua, kisu kiliruka, kikauma mgongo wa upinde, kiganja kimoja juu ya mshikio. Chale ndogo tu, haizidi kipande cha ukucha. Lakini mgongo ndio unaobeba mvuto wote. Nyuzi za mti lazima zipite pale bila kukatika, toka ncha hadi ncha. Ukizikata, ufa umeshapewa mahali pa kuanzia. Nilipaswa kuutia upinde ule kwenye jiko siku ileile.

Ila ilikuwa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, na watu walikuwa wameshaalikwa. Nikachanganya gundi na vumbi la mbao, nikaziba, nikasugua, kisha nikapaka juu yake mkanda wa rangi nyekundu upana wa vidole vitatu. Ulipendeza. Kila mtu alisema umependeza. Katika mshale wa tatu ulivunjika palepale kwenye mkanda, na kipande cha juu kikarudi usoni kwake. Nilikuwa hatua sita tu kutoka aliposimama.

Waliporudi kutoka hospitali nilikuwa nimeshavichoma vipande vyote. Na Wendell mwenyewe, akiwa bado na bandeji, aliwaambia watu: "Nimeuvuta kupita kipimo. Nilikuwa najionyesha." Ni kweli aliuvuta hadi sikioni kuwachekesha rafiki zake. Familia ikalidaka neno hilo. Mama mkubwa akalikariri kila Sikukuu ya Shukrani na kila Krismasi. Nami nikanyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo sikujua tena pa kuanzia.

Kwa hiyo alipokaa juu ya ndoo ile, nilihisi kama amekaa juu ya kifua changu.

Tulianza na ganda. Aprili utomvu unapopanda, ganda la ufito mwembamba hutoka lenyewe. Unalipasua kwa ncha ya kisu upande wa tumbo, unaingiza kidole gumba, unalivuta kama soksi iliyolowa. Chini yake mti ni mweupe, laini, haujaguswa na chuma. Ndiyo sababu wengine tunapenda fito kuliko magogo: mgongo unaupata tayari. Kazi yote iliyobaki ni ya upande wa tumbo, na huko unakuta mti wa manjano kama kiini cha yai.

"Hapo mgongoni hugusi?" Wendell akauliza.

"Sigusi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukiugusa mgongo umeua upinde."

Nilisema hivyo nikiwa nimeinamia kazi. Akautazama mgongo ule mweupe.

"Na ule wangu?"

"Ule wako nini?"

"Uliugusa?"

Kisu kilisimama mkononi. "Ule ulikuwa mti wa baridi," nikasema. "Mti wa baridi una tabia zake."

"Aha," akasema. Kisha akatoka nje kuvuta sigara.

Nilichonga tumbo hadi nusu ya unene, nikapaka vanishi mgongoni na kwenye ncha ili usipasuke, nikaufunga kwa kamba juu ya ubao ulionyooka na kuupandisha darini, ambako bati huwaka moto mchana kutwa. Kila Jumamosi tuliushusha na kuupima kwa mizani ya jikoni, Mama mkubwa akilalamika kwamba unga wake sasa unanuka vanishi. Wendell hakukosa hata Jumamosi moja. Aliandika uzito ukutani kwa penseli. Wiki ya kwanza ufito ulipungua sana, ya pili kidogo, na mwisho wa Mei uzito ukasimama.

"Umekauka," akasema. Akaupigia mstari uzito ule wa mwisho.

Jumamosi hiyo tuliwasha mkaa. Nilipaka mafuta ya dubu mahali ufito ulipopinda, nikaushika juu ya joto mpaka mafuta yakaanza kuchemka, nikaunyoosha gotini. Halafu nikachonga mikato miwili kwenye ncha ya kushika ugwe, ile kamba ya upinde, nikaupandisha ukutani. Pale ukutani nina kitako cha mbao na kapi sakafuni. Kamba inapita kwenye kapi na kuja hadi upande wa pili wa karakana, ili nivute upinde nikiwa mbali nao, nikiangalia mikono yake, nusu ya juu na ya chini, inavyokunjika. Unavuta kidogo mara thelathini, unashusha, unakwangua panapokataa kukunjika, unapandisha tena.

Asubuhi Wendell alisimama nje kabisa, akichungulia. Kila upinde ulipolia kidogo, alirudi nyuma hatua. Saa sita mchana alikuwa kizingitini. Jioni alikuwa begani kwangu.

"Inchi ishirini," nikamwambia. "Kesho tutamaliza."

"Mikono yote inakunjika sawa?"

"Wa chini mgumu kidogo. Kesho nitaulainisha."

Aliondoka akipiga mluzi. Mama mkubwa akaniambia mezani kwamba hakuwa amemsikia mwanawe akipiga mluzi tangu kabla ya ajali. 

Jumapili asubuhi nilibana upinde kwenye jiliwa ili nikwangue ubavu wa ule mkono wa chini. Wendell alisema anaingia kuleta kahawa. Nilikuwa na haraka, sijui ya nini. Kulikuwa na jicho dogo la tawi, gumu kama msumari. Kisu kikalikuta, kikaruka, kikauma mgongo.

Nilisimama nikitazama. Chale ndogo. Ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini nyuzi zilikuwa zimekatika, ziliinuka kama nywele za paka aliyeogopa.

Nilisikia kabati la jikoni likifunguliwa, vikombe vikigongana. Nilikuwa na muda wa vikombe viwili vya kahawa. Na mikono yangu, Mungu anajua, ilianza kabla sijaamua. Gundi ya haraka, tone moja. Vumbi la manjano kutoka chini ya jiliwa, nikaligandamiza kwa kidole. Kipande cha msasa. Wendell alipoingia, palikuwa laini kama shavu.

"Vipi?"

"Vizuri," nikasema.

Nilipokea kikombe. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kabisa, na utulivu ule ndio ulioniogopesha.

Tuliupandisha ukutani. Inchi ishirini na mbili. Ishirini na nne. Ratili arobaini, arobaini na tatu. Kila nilipovuta kamba sikuona kitu kingine ila mahali pale. Ishirini na sita. Ukashika.

"Inatosha," Wendell akasema. "Nipe."

"Bado inchi mbili."

"Mikono yangu mifupi. Nipe, Rena, kabla sijabadilisha mawazo."

"Vaa miwani ya kuchomelea basi."

"Nikivaa ile sioni hata shabaha. Nipe."

Akautoa mwenyewe ukutani na kutoka nao. Kulikuwa na robota la nyasi kavu hatua ishirini kutoka kwenye uzio. Mama mkubwa alikuwa kibarazani, simu mkononi. "Namba ya dharura nimeshaiandika," akapaza sauti. "Nimebakiza kubonyeza tu!"

"Mama, unanitia moyo sana," Wendell akamjibu.

Aliweka mshale kwenye ugwe. Mshale ukawa unagonga upinde, tik tik tik. Alipumua, akaushusha, akaupandisha tena. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kovu, kando ya kope lile lililofumba. Upinde ulianza kukunjika, na jicho lake zima, hilo moja lililobaki, lilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye ugwe.

"Weka chini," nikasema.

"Usinianze, Rena."

"Weka chini, Wendell! Kuna chale mgongoni!"

Alirudisha ugwe polepole. Akageuka.

"Chale ipi?"

"Mkono wa chini. Nimeikata sasa hivi ulipokwenda kuchukua kahawa. Nimeiziba kwa gundi." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Na ule wako wa kwanza ulikuwa na chale. Chini ya mkanda mwekundu. Niliijua kabla sijakupa. Hukuuvuta kupita kipimo, kaka. Ungevunjika hata angeuvuta mtoto."

Hapakuwa na upepo. Nilisikia kibarazani simu ikiwekwa juu ya meza.

Wendell aliugeuza upinde, akapitisha kidole gumba mgongoni, taratibu, mpaka akapagusa mahali pale.

"Hapa?"

"Hapo."

"Miaka kumi na moja," akasema. "Mama yangu mzazi ananiambia mbele ya watoto wangu kwamba nilijitoboa mwenyewe. Na wewe umekaa meza hiyohiyo. Unanipa chumvi."

"Ndiyo."

"Unanipa chumvi, Rena!"

 Akaja hadi nilipokuwa, akanibandika upinde kifuani. "Vuta wewe."

"Wendell!" Mama mkubwa akaita.

"Mama, nyamaza!" Sikuwahi kumsikia akimwambia mama yake hivyo. "Mishale mitatu, kama mimi. Bila miwani. Kama ni salama kunipa mimi, ni salama kwako."

Niliuchukua. Nilitaka kuuchukua, hiyo ndiyo kweli. Nilisimama alipokuwa amesimama, nikaweka mshale, nikavuta hadi shavuni na kuachia. Mshale ukaingia kwenye nyasi. 

Mshale wa pili, nilipofika mwisho wa kuvuta, nikasikia *tik*. Sauti ndogo, kama ukucha kwenye kioo. Nikaachia. Nilipoushusha upinde niliona uzi mmoja wa mti umeinuka pembeni mwa gundi, mwembamba, umesimama.

Wendell naye alikuwa ameisikia ile sauti. 

Nikachukua mshale wa tatu. Hakuniambia niache, na mimi sikumwomba. Niliuweka, nikainua mkono, nikaanza kuvuta. Niliona ule uzi ukizidi kuinuka, na mwingine pembeni yake. Nilifikiri: jicho lipi litatoka, la kulia au la kushoto? Nilifikiri hivyo kwa utulivu, kama mtu anayechagua viatu.

Mkono mkubwa ukafunika wangu juu ya ugwe, mwingine ukashika upinde. Alikuwa nyuma yangu, ananukia kahawa na tumbaku. Tukaushusha pamoja, inchi kwa inchi, bila kuuachia.

"Basi," alisema sikioni kwangu. Alikuwa akihema kama aliyekimbia. "Basi, basi."

Kisha akauchukua, akauegemeza kwenye kigogo cha kupasulia kuni na kuukanyaga. Ulivunjika palepale. Aliinama akatazama mvunjiko kwa muda mrefu.

"Hivi ndivyo ulivyovunjika ule?"

"Hivyohivyo."

Akaviokota vipande vyote viwili, akavitupa kwenye pikapu na kuondoka. Vumbi la barabara lilikaa hewani mpaka nilipoingia ndani.

Mama mkubwa hakunisemesha siku nne. Alikula nilichopika, tena akamaliza, lakini alikula akitazama dirisha. Siku ya tano akasema, "Unajua kosa langu liko wapi? Mimi nilifurahi kupata wa kumlaumu." Kisha akawasha televisheni.

Juni tulikwenda Grayhorse kwenye ngoma ya kabila letu, kama kila mwaka, na mchana familia yetu ikakaa kwenye meza ndefu chini ya banda: nyama na mchuzi mzito, supu ya mahindi makavu, mikate ya kukaanga. Wendell alikuwapo na watoto wake, mwisho kabisa wa meza. Baada ya sala, kabla mtu hajagusa kijiko, nikasimama. Sisi Waosage husemea mambo mazito mezani, mbele ya ndugu, ili baadaye mtu asiseme hakusikia. Nikawaambia yote. Chale, gundi, rangi nyekundu, vipande nilivyovichoma. Sikupunguza.

"Miaka kumi na moja, Rena?" mke wa mdogo wake Wendell aliuliza. "Miaka kumi na moja unatuangalia tu?"

"Ndiyo."

Binti yake Wendell aliinuka akaondoka mezani. Mpaka leo hanisalimii, na sina la kumdai.

Kisha tukasikia fremu ikikwaruza sakafu. Mama mkubwa alikuwa ameinuka. Alizunguka meza nzima, hatua kwa hatua, watu wakivuta viti vyao apite, na ilimchukua muda mrefu mpaka supu zikaanza kuganda mafuta. Akasimama nyuma ya kiti cha mwanawe.

"Nilikuita mwenye majivuno mbele ya watu hawa," akasema. "Sasa nasema mbele yao hao hao. Nilikosea."

"Mama, kaa. Supu inapoa."

"Nitakaa nikimaliza. Nilikosea, na nililisema mara nyingi kwa sababu lilinifaa." Akamwekea mkono kichwani, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwenye mvi. Wendell aliinamisha kichwa, hakuondoa mkono ule. Kisha Mama mkubwa akanigeukia. "Na wewe, masufuria yote ni yako. Leo na kesho."

Niliyaosha. Yalikuwa mengi.

Wendell alirudi Julai, siku ya kazi, bila kupiga simu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nataka kutengeneza mwenyewe. Wewe utakaa uniambie nikikosea. Na ukiona kitu, unasema saa hiyohiyo. Siyo kesho."

Nilikubali. Alichonga fito nne kiangazi kile. Mbili zilivunjika ukutani, kwenye kapi, na mara zote mbili alitoka nje, akakaa kwenye pikapu robo saa, akarudi. Ya tatu aliichoma mwenyewe kwa sababu alikuwa ameukwaruza mgongo, chale ambayo mimi sikuiona mpaka aliponionyesha. Ya nne ilikauka vizuri, ikakunjika kama mwezi mchanga.

Oktoba aliivuta. Alivaa miwani ya kinga, ile nyepesi, nami sikusema kitu kuhusu hilo. Aliachia, kilicholia ni ugwe tu, na mshale ukapita juu ya robota kwa urefu wa mtu mzima, ukaingia kwenye nyasi ndefu upande wa pili wa uzio. Kwa jicho moja umbali hausomeki vizuri. Mama mkubwa alicheka kibarazani mpaka akakohoa.

Tuliutafuta mshale ule asubuhi nzima, tukitembea sambamba, tukipangua nyasi kwa mikono. Hatukuuona.

"Kesho nifundishe kutengeneza mishale," Wendell akasema.